Nati Zimetoka, Tairi Halitoki

Nati zote tano zilikuwa juu ya kitambaa, jeki imekwishainua gari, spea imelala pembeni ikisubiri zamu yake. Nikashika tairi lenye pancha kwa mikono miwili, nikavuta. Halikutikisika. Nikavuta tena, safari hii nikiwa nimechuchumaa na kuweka mguu mmoja mbele ili nipate nguvu. Tairi lilikaa palepale kana kwamba limechomelewa. Hapo ilikuwa saa kumi jioni, kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze, na gari lilikuwa Toyota Premio iliyotoka Japani na kuishi Dar es Salaam miaka sita. Kijana wa bodaboda akasimama, akatazama, akatoa ushauri ambao kila mpita njia angeutoa: "Mzee, lipige teke tu, litatoka." Nikalipiga. Tairi halikutoka, ila gari liliyumba juu ya jeki, na sote wawili tukaruka nyuma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza mafundi swali moja: kwa nini tairi ambalo halina kitu cha kulishika linakataa kutoka? Majibu ni mengi, na mengine yanapingana. Sababu mojawapo ni lugha yetu yenyewe. Tunasema "tairi limegoma" kwa mambo ambayo hayana undugu. Kuna nati zilizokataa kulegea. Kuna nati zenye kufuli, zile za rimu za spoti, ambazo ufunguo wake ulibaki kwa mwenye gari wa kwanza huko Japani. Kuna breki ya nyuma iliyong'ang'ania. Na kuna hili langu: nati zimetoka zote, breki haina kosa, lakini rimu na habu zimeshikana. Anayechanganya haya hupiga nyundo mahali ambapo angehitaji bomba, na humwaga mafuta mahali ambapo angehitaji nyundo.

Nati tuzimalize upesi, maana hesabu yake ni rahisi. Spana inayokuja na gari ina urefu wa sentimita 30 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha yake anatoa nguvu ya kuzungusha kama nyutonimita 206. Toyota ndogo nyingi zinataka nati ikazwe kwa nyutonimita 103, nusu ya hapo. Kwa hiyo nati iliyokazwa sawasawa inapaswa kulegea kwa uzito wa mtu wa kawaida bila jasho. Tatizo linaanzia kwenye ile mashine ya upepo inayolia trrr kwenye vibanda vya matairi, na nyingi za aina hiyo zinaweza kupita nyutonimita 500. Fundi anabana kidole sekunde tatu, anahamia nati nyingine, na wewe unaondoka ukiamini umehudumiwa vizuri. Ukipata pancha usiku ndipo unapogundua kwamba nati zako zilifungwa na mashine na zinasubiri mashine. Dawa ni bomba la chuma la mita moja la kuongezea urefu wa spana: kilo zilezile 70 sasa zinatoa karibu nyutonimita 690. Soketi iwe ya pembe sita, namba 21 kwa Toyota nyingi, 19 kwa Honda na Suzuki, maana ile ya pembe kumi na mbili hula kingo za nati. Na nati zilegezwe wakati tairi bado liko chini, kabla ya jeki kugusa gari. Wenye malori wana mtego wao wa ziada: Fuso, Isuzu na Hino za mfumo wa zamani wa Kijapani zina hesi ya kinyume upande wa kushoto, kwa hiyo nati zake hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Wapo turnboi waliokata bolti nzima wakiamini wanafungua.

Sasa tuje kwenye rimu iliyoshikana na habu, kwani hapa ndipo penye mambo.

Habu ni chuma. Rimu ya spoti ni alumini. Katikati ya rimu kuna tundu linalokaa juu ya mdomo wa duara wa habu, na tundu hilo ndilo linaloiweka rimu katikati ili isitetemeke. Kwenye Premio, IST au Vitz kipenyo chake ni milimita 54.1, kwenye RAV4 ni milimita 60.1. Limekatwa likabane vizuri, hivyo nafasi inayobaki kati ya metali hizo mbili ni ndogo mno, lakini inatosha kuingiza maji. Maji yakiwa na chumvi, pale pamekuwa betri. Si mfano wa kuongezea utamu. Ni betri kweli, ya aina ileile aliyoipanga Alessandro Volta mwaka 1800 kwa sahani za metali mbili tofauti na vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Katika kila jozi ya namna hiyo, metali moja hujitoa na kuliwa ili nyingine ipone. Tunalijua jambo hili kwa bati la nyumba: zinki iliyopakwa juu huliwa kwanza, na chuma cha ndani kinabaki kizima kwa miaka. Kati ya alumini na chuma, anayeliwa ni alumini.

Alumini iliyoliwa haiondoki. Inageuka unga mweupe mgumu, na unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa. Chuma nacho kikishika kutu hufanya vivyo hivyo, kutu yake ikichukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe. Fikiria donge la maandazi lililoachwa liumuke ndani ya kikombe kilichofunikwa. Ule upenyo mwembamba kati ya rimu na habu unajaa, kisha unabana, na hakuna tena tofauti kubwa kati ya vitu viwili vilivyovalishana na kitu kimoja.

Wanamaji waliligundua hili kwa hasara kubwa kabla ya magari kuwapo. Mwaka 1761 Jeshi la Maji la Uingereza liliifunika meli yake HMS Alarm kwa mabamba ya shaba chini ya maji, ikakae salama na funza wa mbao. Ilipochunguzwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyoshika mabamba hayo ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kahawia iliyofungia shaba ilikuwa imesahaulika katikati. Karatasi tu! Uchafu ambao fundi alipaswa kuuondoa ndio uliookoa misumari. Msomaji aiweke karatasi hiyo akilini, nitairudia.

Chumvi tunaitoa wapi? Anayeishi Kigamboni, Tanga, Unguja au Mombasa hahitaji kuulizwa. Upepo wa bahari unaileta usiku na mchana, na anayesubiri kivuko Magogoni au Likoni gari lake linapulizwa chumvi bila malipo. Ila kuna njia nyingine ambayo watu hawaihesabu: kuoshea gari maji ya kisima. Sehemu nyingi za Dar es Salaam visima vina maji ya chumvi, na vijana wa kuosha magari hawana maji mengine. Wanapiga rimu kwa presha mpaka inang'aa, na presha hiyohiyo inasukuma maji hadi nyuma ya tundu la katikati. Ukinunua gari lililokaa Dodoma na lingine lililokaa Mbezi Beach, la Dodoma litakuwa na vumbi kila mahali, lakini magurudumu yake yatatoka kwa mkono mmoja. Kampala na Kigali wana mvua na tope, ila hawana chumvi ya bahari, nao huuona ugonjwa huu kwa uchache.

Gari linaweza pia kuja na chumvi kutoka kwao. Kaskazini ya Japani, Hokkaido hasa, barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na matumizi yake yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 kuzuia matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi la lami. Hivyo Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania, inayoruhusu la zamani zaidi kwa kulitoza zaidi, zote hupokea magari yaliyokwisha kunywa chumvi ya mtu mwingine.

Lakini hapa pana fumbo. Huko Hokkaido, kwenye chumvi nyingi hivyo, magurudumu hayagandi kama unavyotarajia. Sababu ni kwamba mwenye gari hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka: ya theluji yanaingia, ya kiangazi yanatoka, na miezi michache baadaye kinyume chake. Kila badiliko huvunja ule unga kabla haujakomaa. Kwetu matairi ni ya mwaka mzima, na hata pancha haimvui mtu tairi siku hizi. Tairi lisilo na tyubu linazibwa likiwa palepale kwenye gari: fundi pancha anatoa msumari, anapanua tundu, anasukuma uzi wa mpira uliopakwa gundi, anakata ncha, anajaza upepo, shilingi elfu chache, umeondoka. Ni ufundi mzuri na mimi naupenda. Ila umetuondolea ile desturi ya zamani ya tairi la tyubu, lililokuwa likifunguliwa kila pancha, yaani mara nyingi kuliko tulivyotaka. Premio yangu, nilipopiga hesabu, ilikuwa imezibwa uzi mara tatu bila lile tairi la nyuma lililogoma kuvuliwa hata mara moja kwa miaka minne.

Kwa hiyo naona tairi linalogoma leo liligomeshwa siku lilipofungwa mara ya mwisho, na kila siku iliyopita bila kulifungua iliongeza tone lake. Anayehangaika nalo barabarani analipa deni la mkono mwingine. Nalisema hili kwa sababu linabadilisha namna ya kulishughulikia: mtu anayedhani tairi limemfanyia ukaidi huongeza nguvu, na nguvu juu ya jeki ndiyo inayoua.

Turudi kwenye teke la kijana wa bodaboda. Kwa fizikia alikuwa sahihi. Tairi la Premio lina nusu kipenyo cha karibu milimita 317, na mdomo wa habu una nusu kipenyo cha milimita 27. Ukisukuma ukingo wa juu wa tairi unasukuma kwa mtaimbo wa karibu 12 kwa 1. Teke la kilo hamsini linafika kwenye ule unga likiwa na ukali wa mamia ya kilo. Ndiyo maana mafundi hupiga juu, kisha chini, wanazungusha tairi robo, wanapiga tena, na rimu inatoka kwa kutembea, ukingo mmoja baada ya mwingine. Kuvuta moja kwa moja kwa mikono miwili, kama nilivyofanya mimi, ni kuutupa mtaimbo huo wote.

Kosa letu lilikuwa mahali pa kupigia teke. Jeki ya gari imetengenezwa kubeba uzito unaoshuka wima. Msukumo wa pembeni unaiangusha. Ukilazimika kupiga gari likiwa juu, liwe limekaa kwenye stendi za chuma, mawe yakiwa yamezuia magurudumu mengine, na spea imelazwa chini ya ubavu wa gari ili likianguka lipate kitu cha kuangukia. Nati moja au mbili ziachwe kwenye bolti kwa hesi chache, maana tairi lililogoma kwa nusu saa hutoka ghafla, na rimu na mpira wake ni uzito wa kutosha kuvunja mguu. Kwa BMW na wenzake, ambao hutumia bolti zinazoingia kwenye habu badala ya nati, jambo hili ni la lazima zaidi: ukitoa bolti zote hakuna kitu kingine cha kulibeba gurudumu.

Ipo njia bora ambayo haihitaji kupiga chochote, na ndiyo iliyoniokoa. Unarudisha nati, unazikaza kwa vidole hadi ziguse, kisha unazilegeza mzunguko mmoja. Unashusha gari. Unawasha, unasogea mbele mita mbili polepole, unakanyaga breki. Unarudi nyuma mita mbili, unakanyaga breki. Breki inaishika habu huku ardhi ikitaka kuendelea kuzungusha tairi, na uzito wa gari zima unafanya kazi ambayo miguu yako haikuiweza. Kwenye jaribio la tatu nilisikia tak, mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika. Haraka haitakiwi, wala umbali: mita chache tu, mahali tambarare, bila gari jingine karibu, la sivyo hesi za bolti zinaumia. Pale Mlandizi tulikuwa na bega la barabara la kutosha.

Gereji wana vifaa vyao. Nyundo nzito na kipande cha mbao, inayopigwa kwenye mpira kutoka ndani, si kwenye rimu wala kwenye diski. Alumini hupasuka, na mpigo unaofika kwenye beringi huacha alama zitakazonguruma baada ya miezi. Mafuta ya kulainisha kutu yanayopulizwa kuzunguka mdomo wa habu husaidia yakipewa muda, saa moja, ikiwezekana usiku kucha. Wengi huyapulizia na kupiga papo hapo, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Na yasiguse diski, kwani breki yenye mafuta ni msiba uliosogezwa kesho.

Njia moja naikataa kabisa, ingawa nimeiona ikifanywa na mafundi ninaowaheshimu: kupasha rimu kwa moto wa gesi. Wazo lenyewe lina akili. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto. Lakini rimu imevaa tairi, na mpira ulioungua ndani hutoa gesi zinazoweza kuwaka na kulipuka. Mlipuko wa tairi lililopashwa moto hurusha mtu, na umeua watu katika nchi nyingi, hata pale tairi lilipokuwa limetolewa upepo. Juu ya hayo, alumini ya rimu imetiwa ugumu wake kwa joto maalumu kiwandani, na moto wa gesi unaufuta ugumu huo bila kuacha alama. Anayetaka joto achukue birika. Maji ya moto yakimwagwa katikati ya rimu, yakiipandisha nyuzi 70, yanapanua tundu la milimita 54 kwa karibu milimita 0.09 kabla habu haijafuatia. Ni unene wa unywele, lakini ule unga nao unaishi ndani ya unene wa unywele. Na maji hayawezi kupita nyuzi 100, kwa hiyo hayaunguzi mpira wa mtu.

Breki za nyuma za dramu zina hadithi fupi. Rimu ikitoka, dramu ikabaki, au zikataka kutoka pamoja, angalia kwanza kama hendibreki imefungwa. Nimeona watu wazima wakihangaika nayo saa nzima. Gari lililoegeshwa wiki kadhaa msimu wa mvua hendibreki ikiwa juu, viatu vya breki hushikana na dramu kwa kutu. Watengenezaji walilijua hili mapema, ndiyo maana dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye hesi. Ukiingiza bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, dramu inajisukuma yenyewe. Wangeweka matundu kama hayo kwenye rimu, makala hii isingekuwa na kazi.

Na sasa ile karatasi ya kahawia. Kilichoiokoa misumari ya HMS Alarm ni utando mwembamba uliotenganisha metali mbili. Kwenye gari kazi hiyo inafanywa na grisi. Tairi likishatoka, unasugua mdomo wa habu kwa brashi ya waya, unapiga msasa tundu la rimu mpaka unga mweupe uishe, halafu unapaka grisi nyembamba kama unayepaka siagi ya mwisho wa mwezi. Rimu zisizo za kiwandani, ambazo tundu lake ni kubwa kuliko habu, huja na pete za plastiki za kujazia, na wenye pete hizo karibu hawaujui ugonjwa huu: plastiki ni karatasi ya kudumu.

Hapa mafundi wanagawanyika, na mgawanyiko wenyewe una maana. Wengi wakishika kopo la grisi wanapaka kila kitu: habu, bolti, nati, uso wa rimu. Mantiki yao ni kwamba kama grisi ni nzuri hapa, ni nzuri na pale. Ila nati inashika kwa msuguano. Unapokaza nati kavu, sehemu kubwa ya nguvu yako, kama tisa kati ya kumi, inaishia kwenye msuguano wa hesi na wa makalio ya nati. Ile moja inayobaki ndiyo inayovuta bolti na kubana rimu. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na nguvu ileile ya mkono inaivuta bolti zaidi ya kiwango kilichokusudiwa. Bolti inanyooka, au inakatika siku nyingine. Kwa hiyo grisi ikae kwenye mdomo wa habu peke yake, na nati zikazwe kavu, kwa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala wake, si kwa kuzunguka duara.

Wenye Hiace na Hilux waongeze jambo moja: spea yenu inaning'inia chini ya gari kwa mnyororo na winchi yake, mahali panaporushiwa maji na tope kuliko popote. Nimeona tairi lenye pancha likitoka bila shida na spea ndiyo ikakataa kushuka.

Siku ile tulipomaliza, kijana wa bodaboda aliinua rimu, akanionyesha pete nyeupe iliyokauka kuzunguka tundu, akaipitisha kidole. "Kumbe ni chokaa hii, mzee." Sikuwa na msasa wala grisi, tukafuta kwa kitambaa na mchanga. Alikataa hela, akakubali soda. Nilifika Chalinze giza limeingia, nikasimama kituo cha mafuta, nikatoa spana namba 21 na kuzipitia nati tano moja moja. Mbili zilizunguka robo.